Chumvi Waliyoilamba Mbuzi

Kashuga, Septemba 1955

Furaha binti yangu,

Umetoka sasa hivi kwenda kumrudishia Mama Riziki ungo wake, na najua hutarudi upesi, maana kwa Mama Riziki hakuna anayerudisha chombo akaachiwa aondoke bila kukaa. Nimeleta meza yangu ndogo hapa barazani. Mvua inatishia upande wa Mweso lakini haijavuka kilima. Mama yako anachambua maharagwe. Kila baada ya muda ananitazama mimi, kisha analitazama sanduku lako, ambalo liko wazi katikati ya nyumba tangu asubuhi, kwa sababu asubuhi ulisema huendi.

Nilikuwa bado sijanawa uso.

"Papa, miye siendi," ulisema. "Hawa majirani walitulimia misimu miwili. Mama alipolala mugonjwa, nani alipanda? Nani alipalilia? Miye nilikuwa kwa masomo na kalamu. Sasa nipande kamio, niende Bukavu kuvaa nguo nyeupe, na sijawalipa hata siku moja? Nitawaangalia na macho gani?"

Nikakujibu, "Kula kwanza." Ulikula, ukaosha sahani, ukachukua ungo ukatoka, na sanduku likabaki vilevile.

Kesho asubuhi kamio inayobeba maharagwe itapita pale chini barabarani. Ikipita bila wewe, nafasi yako kwenye shule ya wakunga itapewa msichana mwingine. Walituandikia hivyo, na sina sababu ya kudhani wanatania. Ningeweza kukuamuru uende. Hujawahi kunikatalia amri. Lakini sitaki upande kamio kama mtu aliyepelekwa kwa lazima kwenye kazi ya barabara. Ndiyo maana naandika, nipate kukupa karatasi hii jioni kabla hujalala.

Mambo ya sabuni, ya blanketi, ya nani wa kusalimia na nani wa kupita mbali naye, mama yako amekueleza, na shangazi yako wa Bukavu atakueleza mara ya pili kwa sauti kubwa zaidi. Mimi nataka kukueleza neno moja la Kiingereza.

Usicheke. Najua Kiingereza changu ni cha kuokota.

Ulipokuwa mtoto mdogo wa kubebwa mgongoni, mimi nilikuwa karani huko Walikale, kwenye kazi ya madaraja ya mbao katika barabara inayoshuka Hombo. Kazi yangu ilikuwa kuandika majina ya watu na idadi ya misumari. Mzungu wetu hakuwa Mbelgiji. Alikuwa Mwingereza, seremala mzee, mwenye mikono mipana kama majembe. Kiswahili chake alikipata Uganda, na Kifaransa chake kilimchekesha hata mpishi. Tulimwita Bwana Daraja. Simsifu kuliko alivyokuwa. Alikuwa na hasira za ghafla, na akikasirika alitupa kofia yake mtoni, kisha akatuma mtu aifuate. Lakini hakumpiga mtu, na mwaka ule hilo halikuwa jambo dogo.

Usiku mmoja dhoruba iling'oa paa la kibanda chake. Kulipokucha ilikuwa Jumapili. Wanaume wa vijiji vya karibu, wale waliokuwa wakifanya kazi nasi na wengine ambao sikuwafahamu, walitoka msituni na mizigo ya majani mapana ya kuezekea. Hakuna aliyewaita. Mpishi alikuwa amepita akitangaza, "Mzee amelala chini ya meza sawa na imbwa!" Ilitosha. Wakapanda juu, wakaanza kazi, wakatukanana na kuimba kama watu wanaoezeka nyumba ya shemeji.

Nilifanya nilichojua. Nilichukua karatasi nikaanza kuandika majina.

Bwana Daraja akaniuliza, "Unaandika nini?"

"Majina, Bwana. Ili walipwe mwisho wa mwezi."

"Weka chini karatasi. Washa moto."

Akapika mwenyewe. Wali ulioungua upande mmoja, na samaki wa kopo. Kazi ilipokwisha alizunguka akimpa kila mtu sahani mkononi, na wale wanaume waliona haya kuhudumiwa na mzee, wakatazama chini huku wakicheka. Hakuweka mkono mfukoni. Alikaa kwenye gogo katikati yao, akakitazama kile kibanda, akasema neno ambalo sikulifahamu: darg.

Jioni nilimuuliza, kwa sababu wewe unanijua, neno nisilolijua haliniachi nilale. Akaniambia ni neno la bibi yake. Kwao ni kaskazini kabisa mwa Uingereza, karibu na mpaka wa Skoti, nchi ya mawe, ya kondoo na ya mvua nyembamba isiyokatika. Darg ni kazi ya siku moja: kile ambacho mtu mmoja anaweza kukilima, kukivuna au kukikata tangu asubuhi mpaka jioni. Zamani yalikuwa maneno mawili, siku na kazi, yaliyosemwa moja baada ya jingine. Vinywa vya wakulima viliyasema kwa haraka, kizazi hata kizazi, mpaka yakashikana, kama mashamba mawili ambayo miti ya mpaka wake imeng'olewa na hakuna tena anayekumbuka lilipoishia la huyu na lilipoanzia la yule. Alisema watu wa kwao walisahau kabisa kwamba siku imo ndani ya neno hilo, kwa hiyo wakaiongeza tena mbele yake, wakawa wanasema darg ya siku. Alicheka sana aliponieleza hayo. Mimi nilicheka kidogo, kwa adabu.

Kisha akaniambia lile lililomfanya alikumbuke siku ile. Kwao kulikuwa pia na darg ya upendo. Mtu mgeni akihamia shamba jipya mwanzo wa msimu wa kulima, hana farasi wa kutosha wala mikono, majirani wanachagua siku moja. Wanakuja wote na farasi zao na majembe ya kukokotwa, wanageuza udongo wa shamba zima, wanakula kwake, wanarudi makwao. Hakuna malipo. Hakuna hata anayeuliza zamu yake itakuja lini. Neno hilo, alisema, halikuwa katika vitabu vya shule yake, na mwalimu wake alimchapa kwa kulitumia, kwa kuwa mwalimu alitaka Kiingereza cha mjini.

Niliposikia hivyo ndipo nilipompenda yule mzee. Nawe unajua nami nilichapwa shuleni, kwa kusema neno la lugha ya mama yangu.

Nikamwambia, "Bwana, kwetu Masisi jambo hili lipo. Watu wanalimiana, mwenye shamba anatoa kasiksi, pombe yetu ya ndizi, na chakula."

"Najua," akasema. "Ndiyo sababu nimelikumbuka. Lakini angalia. Kwetu zamani mabwana wenye ardhi waliliona jambo hili zuri, wakasema: basi na sisi tulimieni kwa upendo, siku kadhaa kila mwaka. Na asiyekuja kwa upendo, apigwe faini."

Wote wawili tulijua barabara ile tuliyokuwa tukiijengea madaraja ilikuwa imefunguliwa na mikono ya nani, na kama mikono ile ilikuwa imeulizwa.

Nilirudi chumbani nikaandika katika daftari langu la kila siku. Ninalo hapa, Juni 1940, wino umefifia: "Darg. Siku na kazi. Darg ya upendo haina malipo. Ikidaiwa, si ya upendo tena." Nilichora mstari chini yake, mara mbili. Nilijiona mtu aliyeelewa.

Sasa nikueleze jinsi nilivyoelewa.

Kazi ya madaraja ilipokwisha nilirudi hapa na sanduku, kofia, viatu vya ngozi na gunia la chumvi. Wakati huo chumvi ilikuwa kitu. Mwanamke alimwazima mwenzake chumvi kwa ncha ya kidole. Nilikuwa na gunia zima, na mwendo wangu njiani ulionyesha kwamba ninalo. Nilipewa sehemu ile ya kilima tunayolima mpaka leo, ambayo wakati huo ilikuwa magugu na mizizi tu. Mvua ya kwanza ilipoanguka, asubuhi, majirani wakaja. Papa Bauma mbele, Mama Riziki na wanawake wenzake nyuma, majembe begani. Sikuwaita. Hata mama yako hakuwaita. Alikuwa ameshaanza kutengeneza kasiksi siku zilizopita, kwa kuwa yeye alijua watakuja.

Hapa kwetu mwenye shamba analima katikati ya wenzake. Hata akiwa mzee, hata akiwa na jeraha, anashika jembe, anapiga mara mbili tatu. Mimi nilisimama ukingoni nimevaa kofia, mikono nyuma, kama nilivyokuwa nimeona makapita, wale wanyapara wa barabarani, wakisimama kwa miaka. Nikaonyesha kwa kidole: hapa, na pale bado. Wimbo wao ulipungua. Sikuusikia ukipungua. Mama yako ndiye aliyeniambia baadaye.

Jioni nikatoa gunia. Nikawapanga mstari. Nikampa kila mtu kikombe kimoja cha chumvi, kilichosawazishwa juu kwa kisu ili pasiwe na upendeleo, kwenye jani la mgomba. Nikaona naitenda haki. Nikasema kwa sauti ya karani, "Asanteni. Sasa tumemalizana."

Mama Riziki alilitazama jani lake. Unaijua sauti yake.

"Tumemalizana?" akasema. "Papa Furaha, nani amekufa?"

Kwetu majirani hawamalizani ila kaburini. Akalilaza jani lake juu ya nyasi, polepole, kama mtu anayelaza mtoto, akachukua jembe lake akaondoka. Papa Bauma akafuata. Kisha wote. Kasiksi ya mama yako ilibaki kwenye mitungi na povu lake. Majani yale yalikaa yamepangwa mstari mzuri ukingoni mwa shamba, na mvua ya usiku ikayeyusha yote. Kwa siku nyingi mbuzi wa kilima kizima walikuwa wakija kulamba udongo pale. Watoto wakapaita Kwa Chumvi. Umekua ukisikia jina hilo na hukuniuliza kamwe limetoka wapi. Sasa unajua kwa nini Papa Bauma kila akipita pale hunivulia kofia asiyokuwa nayo.

Hawakunitukana. Ingekuwa rahisi zaidi. Walinisalimia kanisani, walimuuliza mama yako habari za watoto. Lakini msimu ule watu walilima kwa Bauma, wakalima kwa Mama Riziki, wakalima kwa mjane wa upande wa pili, na nyimbo zao zilifika mpaka hapa barazani, na hakuna aliyepita kusema, "Karani, kesho tuko kwa fulani." Sikuitwa. Mwanangu, mtu anaweza kukaa kati ya majirani wanaomsalimia kila siku na awe peke yake kama nguzo ya daraja lililochukuliwa na maji.

Niliudhika. Nikamwambia mama yako kwamba watu hawa hawajui kushukuru, kwamba nimewapa kitu ambacho hakuna mwingine hapa angeweza kukitoa. Nikamsomea hata lile neno kutoka daftarini, na maelezo yake yote, ili aone kwamba mume wake analijua jambo hili mpaka mizizi yake.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Na huyo muzungu aliwapimia kikombe?"

Nikafunga daftari.

"Aliwapikia," akasema, "njo wakakula pamoja. Weye uliwafunga mudomo na chumvi. Chukua jembe uende kwa Bauma."

"Sijaitwa."

"Na wao nani aliwaita kuja hapa?"

Nilienda. Nilivua viatu, na kofia niliiacha kwenye msumari ule ambapo inaning'inia mpaka leo. Nilipofika walikuwa wamekwisha kuanza. Nilikaa mwisho wa mstari, pembeni ya watoto, nikalima. Jua likapanda. Mikono yangu, iliyokuwa imeshika kalamu miaka yote ile, ikaanza kutoka malengelenge, na nilikuwa nikiliinua jembe juu sana kama mtu anayeua nyoka. Mwishowe Bauma akashindwa kuvumilia.

"Karani! Ile jembe haiko kalamu. Hautaichovya. Shika chini!"

Mstari mzima ukaanguka kwa kicheko. Mama Riziki akakaa chini kabisa, akajifunga tumbo kwa mikono. "Mumwache," akasema, "anaandika barua kwa mihogo!" Nikacheka mpaka machozi, na nadhani machozi yote hayakuwa ya kucheka. Jioni walinipa kasiksi katika kibuyu kilekile walichokuwa wakipokezana, na baada ya hapo nikaitwa kila mara. Chumvi iliyobaki katika gunia mama yako aliipikia, chungu baada ya chungu, na wote waliila hapa, bila kikombe.

Kwa hiyo usiniulize utawalipa vipi. Nimekwisha kujaribu. Mimi ndiye mtu pekee kwenye kilima hiki aliyewahi kuwalipa, na ulikuwa msimu mbaya kuliko yote niliyoishi nao.

Mama yako alipougua, na wewe uko shuleni, na mimi nakaa kando ya kitanda usiku na mchana, nilitoka nje asubuhi moja nikaona nusu ya shamba imekwisha kulimwa. Nilitaka kukurudisha nyumbani. Nilikuwa nimekwisha kuandika barua. Mama Riziki aliniambia niichane. "Mutoto akirudi, sisi tumelima bure," alisema. Sikukueleza hayo wakati ule kwa sababu nilitaka usome bila mzigo. Nadhani nilikosea. Mzigo uliukuta mwenyewe, ukaubeba peke yako, na peke yako umeona mzito kuliko ulivyo.

Hawakulima ili wewe uwalipe. Walilima ili upande kamio.

Huko unakokwenda watakutendea mema watu usiowajua. Msichana mwenzako atakuazima kitu, au mama wa jirani na shangazi yako atakuletea uji ukiwa na homa. Mkono wako utakimbilia kurudisha siku ileile, kwa sababu wewe ni mtoto wangu, na sisi hatupendi kudaiwa. Uzuie kidogo. Kaa na wema wa mtu mpaka uzoee kukaa nao. Siku yako ya kuamka itakuja, huenda kwa mtu mwingine kabisa, kwa mwanamke aliyeshikwa na uchungu na mvua inanyesha na zamu si yako. Chukua taa uende. Hiyo itakuwa darg yako, na Mama Riziki ataipokea hapa hapa Kashuga bila kuambiwa.

Jambo moja tu ulikumbuke pamoja na hilo, la wale mabwana wa zamani. Akija mtu, mkubwa au mdogo, mzee au kijana mwenye maneno matamu, akudai kitu akisema ni kwa upendo, na ukikataa uso wake unabadilika, huyo anatafuta kazi ya lazima. Mkatalie bila haya. Mimi niko nyuma yako.

Nilitaka kuendelea, lakini nasikia sauti njiani, na nimesimamisha kalamu kusikiliza.

Ni Mama Riziki, anapiga kelele kuelekea kwa Bauma: "Bauma! Kesho sanduku ya mutoto njo ya kwangu! Weye beba mukeka, mugongo yako iko ya zamani!"

Na Bauma kutoka ng'ambo: "Ya zamani njo inajua njia! Weye utaanguka na sanduku, mutoto afike Bukavu bila nguo!"

Na katikati yao nasikia mtu anacheka, na ni wewe.

Sasa umeingia. Umepita hapa mbele yangu na ungo uleule uliokwenda kuurudisha, umejaa viazi vya kuchemsha vya kula njiani. Umeuweka kando ya sanduku, umetazama huku na huku, umeniuliza, "Papa, kamba iko wapi?"

Mama yako hakuinua kichwa kutoka kwenye maharagwe. Nimekujibu iko nyuma ya mlango.

Sijui Mama Riziki amekuambia nini kilichokuwa kifupi kuliko karatasi zangu hizi. Labda hakukuambia kitu. Labda alijaza ungo tu. Barua hii niliianza nikikusihi uende, na sasa haina kazi hiyo tena, lakini nitakupa hivyohivyo. Isome kwenye kamio, mkipita Sake, ambapo barabara inatulia kidogo.

Kesho watabeba sanduku mpaka chini. Usilipokonye, usiseme wamechoka, usitafute kitu cha kuwapa. Mimi nitashika upande mmoja, miguu mitupu. Na usiwe na wasiwasi juu yangu: chumvi yote iliyo ndani ya nyumba mama yako ameificha, na amekataa kuniambia wapi.

Papa yako